Nyumba Ikianza Kumwaga Sukari

Siku niliyokabidhi kamera, vijana wa kitengo chetu cha picha waliniletea keki ngumu kama tofali, wakaniomba niwaandikie uzoefu wangu. Nilitaka kukataa. Nimestaafu kwa hiari, katika umri ambao mtu bado ana meno yake yote, na nilikuwa nimejipangia kufuga kuku hapa Mshangano na kusahau. Lakini kuku hulala mapema na mimi usingizi hunipita pembeni. Basi naandika. Vyeo sitavitaja, kwa kuwa vilikuwa vichache na hakuna kilichonizidishia akili. Nitaandika juu ya kitu nilichokuwa nacho kwa wingi tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, nacho ni woga.

Kazi yenyewe ninyi mnaijua, ila niieleze kwa ajili ya mtu atakayeziokota karatasi hizi bila kutufahamu. Mvua, upepo au mto ukiharibu nyumba na watu wakahamishwa, sisi huenda baada ya wao kuondoka, tukazipiga picha zile nyumba zilizobaki tupu. Picha hupelekwa kwenye kamati. Kamati, ikiwa imekaa kwenye viti vizima chini ya dari nzima, huamua ni familia ipi ipewe kiwanja na mabati, na ipi iambiwe irudi ilikotoka. Kwa hiyo picha mbaya yaweza kumrudisha mtu chini ya ukuta unaomsubiri. Hilo peke yake latosha kumnyima mtu usingizi, hata kabla hajafika kwenye ukuta wenyewe.

Niliingia kazini nikitoka chuo kikuu na shahada ya historia, kamera ya kuazima, na nadharia kadhaa kuhusu mwanga. Safari ya kwanza ilikuwa Lusewa, ambako upepo ulikuwa umeezua nyumba. Aliyenipeleka ni Mama Ngonyani, mkuu wa picha wakati huo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongozea kwaya, aliyesomea upigaji picha Dar es Salaam na asiyemruhusu mtu asahau jambo hilo. Kila alipofika mlangoni pa nyumba tupu alijipiga ishara ya msalaba, akaita hodi, akasubiri kama vile kuna mtu ndani anajifunga kanga. Nilimwona mshamba. Nikaingia nyumba ya pili peke yangu, bila hodi.

Paa lilikuwa limeondoka na mbingu imekaa moja kwa moja juu ya kitanda. Chandarua kilikuwa kimeangukia godoro. Nilikuwa nimeshaona sahani moja ya bati ikimeremeta kwenye kona, nikaipiga picha kwa ustadi mkubwa, nikageukia kitanda. Chandarua kikatikisika. Kikatulia. Kikatikisika tena, kikaanza kuinuka chenyewe kama mtu anayeamka.

Alikuwa kuku. Alikuwa amebaki akiatamia mayai yake, na alipotoka alitoka kwa kelele za mji mzima. Mimi nilitoka kabla yake. Nilitua nje kwa magoti, na picha iliyojipiga yenyewe nikianguka inaonyesha kidole gumba changu na kipande cha anga.

Mama Ngonyani alinitazama. "Umeogopa?"

"Hapana, mama. Nimeteleza tu."

"Basi kuanzia kesho ubaki ofisini. Mimi mtu asiyeogopa simtaki, atanifia mikononi niandike maelezo."

"Niliogopa, mama."

"Kiasi gani?"

"Sana."

"Afadhali. Panda gari."

Filamu iliposafishwa, aliishika ile picha ya sahani akaitazama kwa muda mrefu. "Nzuri sana," alisema. "Nyumba iko wapi?" Tangu siku hiyo nilianza na nje: kila pembe ya nyumba picha moja, ili kuta mbili zionekane kwa pamoja, halafu paa, halafu ufa, na kando yake fito iliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe ili anayetazama ajue ufa una upana gani. Ndani mwisho, na ikiwezekana kutokea mlangoni. Nadharia zangu za mwanga nilizirudisha zilikotoka.

Vifaa vyake vingine havikufundishwa chuoni. Alikuwa na timazi, lile jiwe la fundi mwashi linaloning'inia kwenye uzi. Aliliachia kando ya fremu ya mlango, akatazama ukuta umeukimbia uzi kwa kiasi gani. Ukuta ukiukimbia kuzidi upana wa vidole viwili, tunapiga kutoka nje na kumwachia Mungu ya ndani. Baadaye nilijiongezea kofia ngumu ya bodaboda, ambayo watoto wa kila kijiji waliicheka, na sikuwahi kuivua kwa ajili yao.

Lakini kifaa chake kikubwa kilikuwa masikio. Huku kwetu nyumba nyingi ni za matofali mabichi, na watu hudhani hatari ni mvua. Mvua huanzisha tu. Tope likilowa huvimba na kushikana. Ni pale jua linapotoka, watu wanaanika magodoro na kushukuru, ndipo ukuta unaposinyaa na kuachana ndani kwa ndani. Kabla haujaanguka hutoa sauti ndogo, kavu, kama sukari inayomwagwa kwenye beseni. Mchanga unashuka katikati ya ukuta ambao kwa macho umesimama vizuri kabisa. "Nyumba ikianza kumwaga sukari," alisema Mama Ngonyani, "usiage. Toka."

Sauti hiyo nimeisikia katika nyumba nyingi, na hadi leo mke wangu akimimina sukari jikoni bila kunitahadharisha, mimi huwa nimeshafika uani.

Dereva wetu alikuwa Athumani, Myao wa Tunduru, ambaye aliegesha gari likitazama njia ya kurudi, siku zote, hata mbele ya ofisi. Mtu mwembamba, mcha Mungu, asiyependa salamu ndefu. Yeye hakuingia nyumba yoyote. "Mimi nimeajiriwa kwa gari," alisema. "Ukuta haumo kwenye mkataba." Alinipigia kelele kutoka kwenye usukani kila nilipositasita mlangoni.

"Nyinyi Wangoni si mlipigana na Wajerumani? Leo ukuta wa tope unakushinda?"

"Babu zangu walikuwa na maji ya kuwakinga," nilimjibu. "Mimi nina kofia ya bodaboda."

"Na hayo maji yaliwasaidia nini?"

"Ndiyo maana naogopa, Athumani."

Mama Ngonyani alikuwa na sheria moja ambayo hakuieleza. Kamwe usiwatangazie watu siku ya kwenda. Mwenyekiti wa mtaa tulimkuta tukishafika, tukaomba radhi, tukaanza kazi. Nilipomuuliza sababu alisema tu, "Ukisema unakuja, watakuandalia." Nilidhani anazungumzia kuku. Niliona ni ukali usio na maana kumnyima mwanakijiji nafasi ya kumchinjia kuku mtumishi wa umma, hasa mtumishi huyo akiwa mimi.

Alistaafu, akarudi kwao, na miaka ikapita. Filamu zikaisha, zikaja kamera za kadi, halafu simu, halafu kile kidude kinachoruka, ambacho chaonyesha mapaa vizuri sana na hakijui lolote kuhusu kuta. Akaja mkuu mpya, mtu mstaarabu, aliyesema si heshima kuyavamia makazi ya wananchi bila taarifa. Kikao kilikubali. Mimi nilikuwa mzee kuliko wote mezani na sikuwa na hoja ya kupinga, maana hoja pekee niliyoijua ilikuwa kuku.

Mwaka huo mvua zilinyesha vibaya. Kuna mtaa mmoja mteremkoni, upande wa milima ya Matogoro, ambao ardhi yake ilipasuka, nyumba zikafunguka nyufa za kupitisha mkono. Watu walihamishiwa kwa ndugu zao na kwenye madarasa ya shule. Nyumba zikabaki na makufuli milangoni hata pale ambapo ukuta wa nyuma haukuwepo. Mvua ilipokatika, gari la matangazo lilipita mjini na huko shuleni: kesho mpiga picha anakuja, kila mwenye nyumba ajiandae.

Tulifika asubuhi kukiwa na jua safi, lile la baada ya mvua, linalofanya kila jani liwe jipya. Athumani aligeuza gari, akalielekeza mjini. Mwenyekiti wa mtaa, kijana mchangamfu mwenye suti, alitupokea barabarani akatuhakikishia kwamba hakuna mtu hata mmoja aliyebaki mteremkoni.

"Wote wametoka, mzee. Nimehakikisha juzi mwenyewe."

Nilishuka na kofia yangu. Nyumba ya kwanza ilikuwa imeinama kama mlevi, na uwanja wake ulikuwa umefagiliwa.

Nilisimama. Alama za ufagio zilikuwa bado mbichi, mistari myembamba iliyopinda juu ya udongo wenye unyevu, na hakuna unyayo uliozikanyaga. Nikatazama nyumba ya pili. Imefagiliwa. Dirisha la tatu lilikuwa na pazia jipya, lenye mikunjo ya pasi. Kwenye baraza la nyumba ambayo timazi ingekataa kuitazama, mtu alikuwa amepanga viatu vya watoto kwa ukubwa.

Walikuwa wamerudi. Wametangaziwa mgeni anakuja, wakafanya kile ambacho mama yangu mwenyewe angekifanya, na mke wangu, na mwanamke yeyote wa hapa ninayemfahamu: wakaenda kuisafisha nyumba isije ikakutwa chafu. Waliingia ndani ya zile kuta, chini ya yale mapaa, na ufagio. Hilo ndilo alilomaanisha Mama Ngonyani. Mgongo wangu ulipoa jua likiwa limeukalia.

"Mwenyekiti," nilisema, "wameingia saa ngapi hawa?"

"Nani?"

"Waliofagia."

Alitazama chini, akaona mistari, suti yake ikawa kubwa kwake. Tukaanza kuita. Wanawake wawili walitoka nyumba ya chini na beseni, wakicheka kwa kuona haya, na mzee mmoja akatoka na fagio la dari, lenye buibui. Mwenyekiti aliwasukuma kuelekea barabarani. Mimi nilipanda juu zaidi, kwenye nyumba ya mwisho, iliyopasuka kuliko zote, nikiomba nisikute alama zozote uwanjani. Uwanja ulikuwa umefagiliwa kuliko viwanja vyote.

Nilisimama mbali nikaita kwa desturi tu niliyoirithi kwa Mama Ngonyani, "Hodi!"

"Karibu!" sauti ikajibu kutoka ndani.

Katika miaka yote ya kazi hiyo, hakuna aliyewahi kuniitikia. Sijui kuieleza ile baridi. Nilisogea hadi mlangoni, na ndani nikamwona mama aliyepita makamo, kanga kiunoni, amepiga magoti mbele ya ukuta na ndoo ya tope. Alikuwa anakandika ufa. Ulitoka sakafuni hadi juu, na yeye alikuwa ameshauziba na kuusawazisha kwa kiganja hadi usawa wa kifua chake, kazi nzuri, laini kabisa.

"Ngoja kidogo, baba," alisema bila kugeuka. "Namalizia hapa. Mtapigaje picha nyumba ina ufa kama mdomo?"

"Mama, huo ufa ndio tulioufuata!"

"Aa, aibu hiyo. Wakubwa wauone ukuta wa Mama Fidelis hivi, watasema mwenyewe mvivu."

Ndipo nikaisikia. Sukari, kidogo, upande wa juu kulia. Ikanyamaza. Ikaanza tena.

"Mama, toka nje. Ukuta unaanguka."

"Huu?" Aliupiga kofi la upendo, na roho yangu ikaruka. "Huu aliujenga marehemu mume wangu kwa mikono yake. Umehimili mvua yote ile. Leo jua limetoka, uanguke kwa sababu gani?"

Ningependa kuandika kwamba niliingia nikamnyanyua. Miguu yangu ilikuwa kizingitini na haikutaka mazungumzo. Nilipiga kelele, nikasema serikali imekataza, nikataja polisi. Aliniambia nisipandishe sauti nyumbani kwa watu. Sukari sasa haikunyamaza. Mstari mwembamba wa vumbi ulikuwa unashuka nyuma ya bega lake, na yeye alichota tope jingine.

Maneno yaliyonitoka sikuyapanga. "Basi, mama," nilisema, "mgeni anasimama juani hivi, hata kigoda hapati?"

Kiganja kikasimama ukutani. "Yesu na Maria," alisema. "Nisamehe, baba yangu. Akili imeniruka."

Akainuka. Akaingia chumbani, ndani zaidi, na nikadhani nimemuua. Akatoka na kiti cha mbao chenye kitambaa kilichofumwa, akapita mlangoni, na akakiweka barazani, chini ya ukuta uleule, kwa sababu ndipo penye kivuli.

"Hapa pazuri," alisema.

"Napenda jua, mama." Nilikinyakua kile kiti nikarudi nacho uwanjani kinyumenyume. Alinifuata kidogo, akishangaa, ndipo Athumani, ambaye haachi gari kamwe, akatokea anahema, ameitwa na kelele zangu.

"Kumbe mko wawili!" alisema Mama Fidelis, na akageuka kwenda kuleta kiti cha pili.

Nilimshika mkono. "Shikamoo, mama!"

"Marahaba." Alingoja nimwachie. Sikumwachia. Mkono ulikuwa na tope bichi, ulikuwa unaniteleza kama kambale, nikaukamata kwa yote miwili.

"Habari za hapa nyumbani?"

"Nzuri, ila..."

"Watoto hawajambo? Fidelis hajambo?"

"Hajambo, yuko Mbinga. Baba, ngoja niwaletee..."

"Na mahindi? Mahindi yamesimama? Mbolea mlipata?"

Mtu mwenye adabu hawezi kuikata salamu ya mwenzake, na Mama Fidelis alikuwa na adabu kuliko wote niliowahi kukutana nao. Alijibu kila swali, akinyoosha shingo kuelekea mlangoni, na kwa kila jibu nilirudi hatua nyuma nikimvuta. Vidole vyake vilikuwa vinatoka kimoja kimoja. Nikaanza kukosa maswali. Nilimuuliza hali ya nguruwe, ambao sikujua kama anao.

Athumani alisikiliza upande wa nyumba. Nikamwona ameisikia sauti. Alipita mbele akaushika mkono wa pili.

"Shikamoo, mama yangu! Mimi Athumani, wa Tunduru. Za siku nyingi?"

"Siku nyingi? Mimi na wewe tumeonana wapi, mwanangu?"

"Ndiyo maana nauliza, mama. Na wazazi? Na majirani? Na hali ya hewa mnaionaje huku?"

"Jamani," alisema Mama Fidelis, akianza kucheka kwa wasiwasi, "watu wa mjini siku hizi mnasalimia hivi?"

"Kuna salamu kutoka ofisini pia," nilisema. "Mkuu anakusalimu sana. Na mkewe."

Ukuta haukupiga kelele niliyoitarajia. Ulikaa chini, taratibu, kama mtu aliyechoka kusimama, na ule wa mbele ukaufuata. Mabati ndiyo yaliyolia. Vumbi likaja likatuvaa, tukawa hatuonani, na humo ndani ya vumbi mikono miwili ya tope ilikuwa imetukamata mimi na Athumani kwa nguvu ambayo sikudhani anayo. Athumani alikuwa anataja jina la Mungu polepole. Mimi nilikuwa bado nauliza habari za mahindi. Nimeambiwa hivyo, sikumbuki.

Hewa iliposafika, baraza lenye kivuli halikuwepo. Mama Fidelis hakulia. Alituachia mikono, akatazama lile lundo la udongo, hasa pale penye tope jipya, lililobaki laini juu ya bonge moja. Kamera ilikuwa shingoni mwangu na sikuigusa. Katika faili letu nyumba ile haina picha, na mimi sijaitafutia sababu.

Kisha akageuka, akanitazama mimi, akakitazama kiti.

"Kaa, baba," alisema. "Umesimama muda mrefu."

"Kaa wewe, mama. Tafadhali."

"Nikae mimi, mgeni asimame?"

Nilikaa. Athumani alivua kofia yake akaishika kifuani, na Mama Fidelis akabaki amesimama mbele yetu, anajifuta tope kwa pindo la kanga, akitafuta la kusema. Alitazama tena kule kulikokuwa na mlango.

"Mnisamehe," alisema. "Chai nilikuwa nimeshaiweka mezani."